Namna ya Kuandika Kurasa za Vichekesho katika Kitabu cha Kumbukumbu cha Kidato cha Nne

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, shule za sekondari za Mwanza huingia katika msimu wa mahafali, na baadhi ya madarasa huchapisha kijitabu chenye picha za wahitimu, ndoto ya kila mmoja na neno la mkuu wa shule. Kijitabu cha namna hiyo huonyesha sura za vijana lakini hakisimulii maisha yao. Miaka minne ya mchakamchaka, ya foleni ya chakula na ya vipindi vya saa nane mchana chini ya bati linalowaka jua haimo, na vicheko vilivyowawezesha kuivumilia miaka hiyo havimo kabisa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuviingiza, nao umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wenyewe na mwalimu mlezi wa klabu ya Kiswahili.

Mfano ninaoupendekeza unatoka mbali, katika shule za sekondari za Marekani za miaka ya 1900 hadi 1920. Masomo yao nayo yalikuwa ya miaka minne, na darasa lililokuwa likihitimu lilichapisha kitabu cha mwaka ambamo, baada ya picha, zilifuata sehemu zilizozoeleka: historia ya darasa tangu mwaka wa kwanza, utabiri wa maisha ya kila mhitimu, wosia wa darasa, kalenda ya matukio ya mwaka na kurasa za mizaha, ambamo mgeni wa mwaka wa kwanza alitaniwa kwa ushamba wake na walimu walinukuliwa kwa misemo yao. Mwaka 1910 waliofika mwisho wa sekondari nchini humo hawakufikia hata kijana mmoja kati ya kumi, kwa hiyo madarasa mengi yalikuwa madogo na kila mhitimu aliweza kupata mzaha wake. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Aniceti Kitereza, mwandishi wa riwaya kutoka Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa akisoma katika seminari ya Rubya, magharibi mwa ziwa letu la Viktoria. Mimi ningefurahi kupita kiasi kuusoma ukurasa mmoja tu wa mizaha ya bweni lake.

Kazi ianze Januari, siyo mwezi wa mahafali. Anayejaribu kukumbuka vichekesho vya mwaka mzima mnamo Septemba hupata vile vinavyojulikana na kila shule, ambavyo wengi wamekwisha kuvisoma kwenye simu. Kila mkondo uteue wanafunzi wawili, ikiwezekana mmoja wa bweni na mmoja wa kutwa, kwa sababu vicheko vya daladala la asubuhi kutoka Igoma au Buhongwa si vile vya bwenini usiku baada ya prep. Wawe na daftari moja, na waandike siku ile ile jambo lilipotokea. Daftari likae kwa mwalimu mlezi kila Ijumaa. Likizagaa darasani litachanwa au litageuka silaha ya kumsema fulani.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe, maana hapo ndipo vichekesho vingi hufa. Mwanafunzi akiandika, “Hamtasahau siku ya wingi wa ugali, tulicheka mpaka tukalia,” amewaandikia watu arobaini tu, na baada ya miaka kumi hata hao watauliza ilikuwa nini. Msomaji anahitaji kujua kilichokuwa kikiendelea, nani aliuliza, nani alijibu na kwa maneno gani hasa. Linganisha na maandishi haya: “Wiki ambayo lori la mahindi lilichelewa na ugali wa bweni ukapunguzwa, mwalimu wa Kiswahili alikuwa akifundisha umoja na wingi. Alimwuliza kijana wa dawati la nyuma wingi wa neno ugali. Kijana alisimama, akafikiri, akajibu kwa adabu: Mwalimu, tangu wiki hii ianze sijauona.” Sentensi ya kwanza, inayohusu lori, haichekeshi hata kidogo, lakini ukiiondoa jibu la kijana linabaki nusu. Kwa hiyo tangulizeni hali, kisha swali, na jibu liwe la mwisho. Mkishaliandika jibu, simameni hapo. Msiongeze kwamba darasa zima lilicheka wala msiweke alama tatu za mshangao, kwa kuwa msomaji anayeambiwa acheke hununa.

Lipo pia suala la lugha. Vipindi vingi vya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi hucheka kwa Kiswahili, na pengine kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Neno liandikwe katika lugha lilimotamkwa, na pale ambapo msomaji wa mkoa mwingine atakwama, maana yake ielezwe kwa Kiswahili ndani ya sentensi ile ile. Kusahihisha sarufi ya msemaji ni kumnyang'anya sauti yake.

Uchujaji ndio sehemu inayohitaji moyo na muda, nami nausisitiza kuliko mengine yote. Vitabu vile vya Marekani, pamoja na uzuri wake, vilikuwa na doa kubwa: kurasa nyingi za mizaha zilibeba dhihaka dhidi ya watu weusi na wahamiaji, zikiigiza matamshi yao, na leo wajukuu wa waandishi huzisoma kwa aibu. Sisi nasi tuna njia zetu za kuumiza. Mzaha unaohusu alichokifanya mtu siku fulani unaweza kuchapishwa. Unaohusu alivyoumbwa, kabila lake, dini yake, ugonjwa wake, kigugumizi chake au viatu ambavyo wazazi wake hawakuweza kumnunulia usichapishwe, hata mwenyewe akisema hajali, kwani mbele ya wenzake atasema hajali. Utani wa makabila tuliourithi una mipaka ambayo watani wanaijua, bali kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine haijui, na kitabu kitasomwa na mama yake.

Utaratibu unaofaa ni kwamba kila anayetajwa asomewe peke yake, mbele ya mwalimu mlezi, yale yaliyoandikwa juu yake, na neno lake la kukataa lisidaiwe sababu. Jina la utani litumike kwa ridhaa tu. Kwa walimu, sheria ni hiyo hiyo pamoja na heshima ya ziada: mwanafunzi aende ofisini, aamkie, akabidhi karatasi na aondoke, ili mwalimu asome bila kutazamwa usoni. Walimu wengi hukubali, na wapo wanaorekebisha msemo wao wenyewe ili uchapishwe kama wanavyousema hasa. Misemo hiyo ni hazina. Mwalimu wa zamu aliyerudia sentensi moja mstarini kwa miaka minne amekwisha kuwaandikia nusu ukurasa, na kazi yenu ni kuinakili bila kuiongezea chumvi.

Kati ya zile sehemu za zamani, wosia wa darasa ndio unaotukaa vizuri kuliko zote, kwa kuwa kucheza na lugha nzito ya sheria ni jambo ambalo vijana wetu wanaliweza sana. Uandikwe kwa uzito kamili, kama wosia wa kweli: “Sisi wanafunzi wa kidato cha nne, tukiwa na akili timamu na matumbo yasiyoshiba, tunawarithisha kidato cha tatu mwembe ulio nyuma ya maabara pamoja na kivuli chake chote, isipokuwa matawi ya juu, ambayo ni mali ya kunguru waliotutangulia.” Kila kinachorithishwa kiwe kitu halisi cha shule: dawati lenye mguu mmoja mfupi, ringi ya gari inayotumika kama kengele, nafasi ya kukaa karibu na dirisha. Njuka, yaani kidato cha kwanza, warithishwe kitu cha upole.

Utabiri nao uandikwe na mtu mmoja tu mwenye kalamu nzuri, kwa sababu ukigawanywa hukosa mtiririko. Amtume msimulizi wake miaka ishirini mbele, tuseme katika meli ya kwenda Nansio, akutane na wenzake mmoja mmoja katika kazi zinazotokana na tabia zao za darasani, kwamba aliyekuwa hodari wa kubishana marudio ya mtihani sasa anapatanisha wavuvi mwaloni Kirumba. Kalenda ni rahisi zaidi, na mistari mifupi inatosha: “Aprili, wiki ya pili: mvua yapiga bati, Jiografia yafundishwa kwa ishara.” “Wadudu wa ziwani waingia wakati wa prep. Darasa lafunga madaftari na midomo.”

Kuhusu uchapaji sina mengi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: kurasa 24 zinahitaji karatasi sita, mbali na jalada. Kurasa za vichekesho zichapwe kwa wino mweusi na rangi ibaki kwa jalada na picha. Wamarekani wale waliuza nafasi za matangazo kwa wenye maduka wa mji wao, na nasi tunaweza kumwendea mwenye steshenari, fundi wa sare na mama anayeuza maandazi nje ya geti, mradi mkuu wa shule ameridhia.

Ukurasa wa mwisho uwe ufunguo: orodha ya majina ya utani na majina kamili ya wenyewe, jina la shule, mkondo na mwaka, kwa kuwa majina ya utani husahaulika mapema kuliko sura. Nakala mbili zisiuzwe. Moja iandikwe katika rejesta ya maktaba ya shule, na ya pili ipelekwe Maktaba ya Mkoa pale mjini ikiwa na barua ya mkuu wa shule inayoomba ipokelewe.