Kabla ya kupanda Amani na hema

Mtu wa Tanga akiambiwa kuna safari ya siku tatu, mkono huenda kwenye ndala, kanga na fulana nyepesi. Msitu wa hifadhi wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, upo hapo Muheza tu, lakini makao ya hifadhi yapo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa Julai si usiku wa Raskazone, kule ufukweni Tanga mjini. Nimewaona vijana wetu wakirudi wamepauka midomo kwa baridi, na roho inaniuma kwa sababu ni jambo la kuzuilika.

Anza na msimu. Masika, Machi hadi Mei, iacheni ipite, maana kupanda kutoka Sigi, lango la chini la hifadhi, ni kona juu ya kona na udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Juni hadi Septemba ndiyo afadhali, na Januari na Februari pia. Nasema afadhali kwa makusudi: mlima ule hupokea mvua hata miezi ambayo mjini tunalalamikia vumbi.

Kwa hiyo katika mizigo yote, kitu cha kwanza ni nguo kavu. Suruali, fulana, sweta na soksi nene za kulalia, weka ndani ya ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, na usizitoe mpaka umeingia hemani usiku. Hata kama nguo za mchana zimelowa chapachapa, hizo usiziguse. Asubuhi vaa zile mbichi. Inakera, lakini usiku wa pili utakuwa na cha kuvaa.

Hema lipige kwanza uani kwako. Limwagie ndoo mbili za maji, subiri nusu saa, kisha ingia upapase mishono kwa kiganja, hasa pembe za chini. Panapovuja hapo nyumbani, mlimani patafurika. Na ukifika, chagua mahali palipoinuka. Safari yangu ya kwanza tulivutiwa na kibonde chenye majani laini ya kijani. Saa nane usiku godoro la sponji lilikuwa limeshanywa maji yote, na mdogo wangu alikaa amechuchumaa juu ya begi, anatetemeka, mpaka kukapambazuka. Majani yale yalikuwa laini kwa sababu maji hutuama pale.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo huingii tu ukatandika. Ulizia mapema kiingilio, ada ya kambi na ya mwongozaji, na malipo yamalize ukiwa bado mjini. Mwongozaji msimwone gharama. Bila yeye utapita kando ya jiwe lenye kivuli usijue kwamba kile kiua cha zambarau kilichojibana pale ni Saintpaulia, ua ambalo asili yake ni misitu ya milima hii na jirani zake, na leo linafugwa kwenye vyungu vya madirisha Ulaya.

Kuni usizitegemee. Za kukata haziruhusiwi, na zilizoanguka zimelowa. Beba jiko la gesi la mtungi mdogo, viberiti viwili mahali tofauti, mchele, maharage yaliyokwisha chemshwa, tangawizi ya chai. Machungwa nunueni Muheza mkipita.

Tochi kila mtu na yake, na betri za akiba. Chandarua pia, hasa mkilala chini kule Sigi. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na makombo yasiachwe hemani, siafu wasije wakawatoa nje usiku wa manane. Mwenye dawa za kila siku azibebe kwa siku mbili za ziada, na nyumbani waachiwe siku na saa ya kurudi, kwa sababu simu huko hushika hapa ikakatika pale.

Mwisho ni sabuni. Mto Zigi unaanzia kwenye misitu hiyo na kushuka hadi bwawa la Mabayani, ambako jiji la Tanga huchota maji yake. Sufuria isioshewe mtoni. Teka maji kwa ndoo, sogea hatua sitini kutoka ukingoni, chimba kishimo, oshea hapo, fukia.