Somo: Kutuliza kelele za feni kwenye kadi ya picha inayopozwa kwa maji

Wakuu, poleni na majukumu. Wengi mmeniuliza inakuwaje mtu anunue kadi ya picha ya kompyuta (GPU) yenye rejeta ya maji, kwa bei ya kuuma, halafu kelele ziwe zilezile za kadi ya feni tatu. Nimelipitia hilo mwenyewe. Narekodi sauti na kuhariri video kwenye chumba kimoja hapa Dar es Salaam, kipaza sauti kiko hatua mbili kutoka kwenye keisi, na mvumo mdogo tu wa feni unaingia kwenye kazi ya mteja. Mfano wangu ni RTX 3080, kadi ya mwaka 2020 inayokula wati 320, kwa sababu nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu mara nyingi.

Kabla ya kushika bisibisi, elewa jambo hili: maji yanabeba joto tu, hayalimalizi. Wati 320 zilizotoka kwenye kadi lazima zipite kwenye rejeta ziingie chumbani. Rejeta ikiwa ndogo, feni italazimika kukimbia, hata uinunue ya bei gani.

Hatua ya 1: Punguza wati kwanza

Hii ni bure na watu wanairuka. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 78. Kwa 3080 hiyo ni kama wati 250. Wa Linux andikeni `nvidia-smi -pl 250` mkiwa na ruhusa za msimamizi. Kwenye kazi zangu za video sioni tofauti ya kunifanya nirudishe, na umeondoa wati 70 ambazo feni ingezipigia kelele mchana kutwa.

Hatua ya 2: Rejeta

Kipimo ninachotumia ni kipande kimoja cha milimita 120 kwa kila wati 100, feni zikiwa kwenye raundi 1,000 hivi kwa dakika. Kwa wati 320 unahitaji ya 360, yaani vipande vitatu hivyo. Ukishusha kadi hadi wati 250, ya 280 inatosha vizuri. Watu wanaidharau, lakini feni mbili za 140 zinafunika eneo linalokaribia kabisa lile la feni tatu za 120. Ya 240 itafanya kazi ila utaisikia.

Tazama pia mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vilivyokunjwakunjwa. Yakibanana sana yanadai feni ya kasi. Yenye nafasi, hadi kama mapezi 16 kwa inchi, yanapitisha hewa ya feni ya polepole, na kwa vumbi letu ni rahisi kuyasafisha.

Hatua ya 3: Feni zenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Feni moja inazunguka raundi 1,500. Weka tatu za aina hiyohiyo, zishushe hadi 1,000. Hewa yote kwa pamoja imekuwa mara mbili ya mwanzo. Kuongeza feni mbili kumepandisha kelele kwa desibeli 5 hivi, lakini kushusha raundi kumeondoa karibu 9. Umepata hewa mara mbili na chumba kimetulia kwa desibeli 4. Ndiyo maana nasema nunua feni tatu za bei ya kati kabla hujafikiria moja ya kifahari.

Feni ya rejeta inatakiwa iwe na msukumo, maana hewa inapenyezwa kwenye mapezi. Kwenye boksi tafuta kipimo cha mmH2O. Kwa feni ya 120, kuanzia 2 kwenda juu ni nzuri. Arctic P12 ina 2.20 kwenye raundi 1,800 na bei yake inavumilika. Noctua NF-A12x25 ina 2.34 kwenye raundi 2,000, na nafasi kati ya ncha za mapanga yake na fremu ni nusu milimita tu. Ishike mkononi uone, ukucha haupiti. Ni nzuri kweli. Lakini kama bei ya hizo tatu inakulazimisha ubaki na rejeta ya 240, chukua P12 na rejeta kubwa.

Feni za taa nyingi zenye mapanga membamba zifunge mbele ya keisi. Na hakikisha ni za pini nne, ili mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) iweze kuziamuru.

Kila feni ina raundi moja au mbili ambazo huvuma vibaya, hasa ikishakaa kwenye bati. Ipandishe raundi 50 kila mara, usiku, vingine vyote chumbani vikiwa vimezimwa, na uandike inapovuma. Raundi hizo utaziruka unapopanga kasi kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kufunga

Skrubu ndefu kupita kiasi itatoboa mfereji wa maji. Ipime kando ya feni kabla ya kuikaza. Mimi nilitoboa moja mwaka juzi na nikaloanisha mazabodi nzima, kwa sababu ya tofauti ya milimita tatu.

Ukimaliza, washa feni, chana kipande cha karatasi ya chooni, kipitishe taratibu pembeni, pale fremu inapokutana na rejeta. Kikipeperuka, hewa inavuja badala ya kupita kwenye mapezi. Ziba kwa utepe wa sponji. Kwangu pembe mbili zilikuwa wazi.

Upande wa maji: pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, maana mapovu hupanda na kukusanyika humo. Rejeta ikisimama mbele ya keisi, sehemu yake ya juu iwe juu ya pampu.

Hatua ya 5: Feni zifuate joto la maji

Watu wengi wanaacha feni zifuate joto la chipu. Chipu inaruka nyuzi 20 ukifungua tu programu, feni nazo zinapanda na kushuka kama mtu anayehema. Sikio linasamehe sauti moja iliyotulia. Hiyo ya kupandashuka haliisamehi.

Maji hayana haraka. Lita moja ikipokea wati 300 bila kupozwa inachukua sekunde 14 hivi kupanda nyuzi moja. Kwa hiyo kama mfumo umeujenga mwenyewe, weka kipima joto cha maji, kile cha skrubu ya G1/4, na ukichomeke kwenye mazabodi yenye tundu lake. Chumba changu kina nyuzi 30, nami nimepanga hivi: maji chini ya 38, raundi 650, yakifika 42, raundi 900, yakifika 46, raundi 1,200, yakifika 50, feni zote kwa nguvu zote. Kwa kazi ya kawaida sijaivuka 1,000.

Kama mfumo ni wa kiwandani usio na kipima joto cha maji, tumia programu ya bure ya FanControl, uiambie feni zichelewe sekunde kadhaa kabla ya kubadilika.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kadi yangu imekuja na rejeta ya 120 iliyofungwa kiwandani. Nikibadilisha feni nitapata utulivu?*

Kidogo, mkuu. Anza na hatua ya 1, halafu ongeza feni ya pili upande wa pili wa rejeta, zote zikielekeza hewa njia moja. Ile feni ndogo iliyo juu ya kadi usiichomoe hata kama inakera. Inapoza saketi za umeme na mara nyingi kumbukumbu pia. Kumbukumbu za 3080 huchemka zaidi ya chipu yenyewe, na zikifika nyuzi 110 kadi hujipunguzia kasi. Zitazame kwenye HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la vifaa.

*Naweza kujazia maji ya betri ya petroli stesheni?*

Soma kibandiko mara mbili. Kuna chupa mbili na watu huziita jina moja: maji yaliyochujwa kwa mvuke, na asidi ya betri. Asidi itakula kila kitu, na macho yako pia. Yale yaliyochujwa yanafaa, ila ongeza dawa ya kuzuia kutu na ukoga. Ya bomba na ya kunywa ya chupa yana madini, yaache. Na usichanganye rejeta ya alumini na bloku ya shaba (kile kipande kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji). Alumini italika ndani kwa ndani.

*Kaka, mimi niko Nairobi. Hesabu ni ileile?*

Chumba chenye nyuzi 22 kinakupa nafuu ya nyuzi 8 juu yangu. Kwa upande mwingine, mkiwa karibu mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi na inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni. Ukijumlisha, bado wewe una unafuu. Shusha viwango vyangu vya maji kwa nyuzi 6 hivi.

*Mwalimu, niko Unguja, nina pangaboi chumbani. Inasaidia?*

Dada, pangaboi haishushi joto la chumba, ila inasambaza ile hewa ya moto inayotuama nyuma ya keisi. Itoe keisi ndani ya kabati la meza kwanza. Kwa chumvi na unyevu wa huko, futa vichujio vya vumbi kila wiki mbili, na unapopuliza rejeta shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

*Nimefuata hatua zote, feni ziko 700, lakini bado nasikia mlio mwembamba kama wa mbu nikiwa ndani ya gemu.*

Zisimamishe feni kwa sekunde tatu. Mlio ukibaki, unatoka kwenye koili za kadi, na hakuna feni itakayouondoa. Nenda kwenye menyu ya gemu: kwenye menyu fremu, yaani picha kwa sekunde, hufika mamia na mlio hupanda. Weka kikomo cha fremu sawa na kioo chako, 60 au 144, utausikia ukishuka papo hapo. Kama unachosikia ni kama maji yanayogugumia, hiyo ni hewa ndani ya pampu. Zima mashine, iinamishe taratibu kila upande, iwashe tena, na urudie mpaka itulie. Yangu ilichukua siku mbili.