Somo: Kupima koo kwa kipimo cha haraka, kazi iko kwenye pamba

Wenzangu wa zahanati, kipimo cha haraka cha streptokoka wa kundi A (bakteria wa koo) kinasomeka kama kile cha malaria tulichozoea. Mistari miwili, yupo. Mmoja wa C (mstari wa kuhakiki kipimo), hajaonekana. C isipotokea, tupa, anza upya. Tunapoboronga ni kwenye kuchukua sampuli.

Kwanza, chagua wa kumpima. Mwenye mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, mara nyingi ni virusi, mwache. Kuna watoto wazima kabisa wanaoishi na bakteria huyu kooni, kwa hiyo ukipima kila koo utatibu wasioumwa. Unayemtafuta hasa ni mtoto wa miaka 3 hadi 14: ana homa, mafindofindo yana usaha, tezi za shingoni zinauma ukizigusa, na hakohoi.

Pili, pamba. Mama ampakate, mkono wake mmoja kwenye paji la uso la mtoto, mwingine umezuia mikono. Waelekee dirishani, jua la asubuhi likipiga ziwani linaishinda tochi ya simu. Kandamiza ulimi kwa kijiti, sugua findo moja, ukuta wa nyuma, findo la pili, toka. Usiguse ulimi wala shavu. Akitaka kutapika, ujue umefika.

Niliwahi kupima mtoto wa mvuvi kule Igombe, pamba ikateleza ulimini, nikajisemea potelea mbali. Mstari mmoja. Roho ikanisuta, nikachukua pamba nyingine: miwili. Nilikuwa namrudisha na panado tu.

Tatu, matone na dakika. Fuata karatasi iliyo ndani ya boksi, aina hazifanani. Nyingi husomwa dakika ya 5. Mstari unaojitokeza baada ya muda ulioandikwa usiuhesabu. Boksi lisikae juani.

MASWALI

Muuguzi, Ukerewe: Kikisema hana, nikiamini?
Kwa watoto, kati ya 100 wenye bakteria hukamata kama 85. Dalili zote zikiwepo, peleka sampuli ikaoteshwe maabara, au mwite mganga mfawidhi aamue.

Mwanachama, Sengerema: Kaka, mtoto ameshameza rangi mbili (kapsuli za antibiotiki) za dukani.
Basi kipimo kinaweza kudanganya. Hilo uliza kabla ya kufungua pakiti.

Mwanachama, Buswelu: Si koo hupona lenyewe?
Hupona. Ila wiki kadhaa baadaye anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ikala valvu za moyo, na hao ndio tunaowapeleka hospitali ya Bugando wakihema. Ukianza pensilini ndani ya siku 9 tangu koo liume, bado unawahi: vidonge siku 10 kamili, au sindano moja ya benzathini.

Mama wa watoto wawili, Kirumba: Shikamoo daktari. Bibi yao anataka wakatwe kimeo.
Marahaba mama. Kisu hicho huleta damu isiyokata, hata pepopunda. Njoo na bibi mwenyewe, nimshikishe tochi aone: usaha uko kwenye mafindo, kimeo ni jirani tu.