Bakapu imegoma baada ya kuhamia Windows 11: fanya hivi, hatua kwa hatua

Tangu Microsoft wasitishe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, meza yangu hapa Dodoma haikauki laptopu zilizohamishiwa Windows 11. Kuhama kwenyewe mara nyingi kunakwenda salama. Shida inajitokeza wiki mbili tatu baadaye, mtu anapotafuta faili kwenye diski yake ya bakapu, yaani ya nakala za akiba, na kukuta ya mwisho ni ya kabla ya kuhama.

Utaratibu ninaoueleza hapa niliupata kwa kazi ya mama mmoja, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Daftari lake lote la mizani liko kwenye Excel: jina la mkulima, kilo, tarehe, kiasi alicholipwa. Mavuno yakiwa yamepamba moto, umeme ulikatika akiwa anahifadhi kazi, betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi, na faili ikagoma kufunguka. Akaja na diski yake ameiviringisha kwenye kipande cha kitenge, wala hana wasiwasi. "Mwanangu, nakala ipo humu. Kila jioni saa kumi na mbili taa inawaka, naiona kwa macho yangu."

Ni kweli, kazi ilikuwa inajiendesha kila jioni. Nikafungua Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba, nikakuta matokeo ni 0x0, yaani imefanikiwa. Nikafungua folda ya bakapu. Faili mpya kuliko zote ilikuwa ya siku ishirini na tatu nyuma, siku moja kabla laptopu haijahamishwa. Na amri ile ya kunakili niliiandika mimi mwenyewe, mwaka uliotangulia. Tulikaa siku mbili tukiingiza kilo upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi, yeye anasoma, mimi naandika. Ndiyo maana nakuomba usiruke hatua hata moja kati ya tatu za mwanzo.

Hatua ya 1: Chomoa diski ya bakapu sasa hivi

Kabla ya kuchunguza chochote, itoe. Programu nyingi za bakapu zina hali ya kuifanya diski ifanane kabisa na kompyuta: kisichokuwepo kwenye kompyuta kinafutwa pia kwenye diski. Kwa wanaotumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, hali hiyo ni /MIR. Sasa fikiria folda ya zamani imebaki tupu baada ya kuhama, na amri inajiendesha usiku: itafuta bakapu yako nzima ili ifanane na ule utupu. Mama wa Hombolo alinusurika kwa sababu amri yake ilikuwa na /E tu, ambayo inanakili bila kufuta. La sivyo hata zile faili za zamani tusingezikuta.

Diski ikishatoka, zima ratiba ya bakapu hadi umalize kazi.

Hatua ya 2: Jua faili zako zinaishi wapi leo

Hapa ndipo kesi nyingi ninazozipokea zinaishia, kwa hiyo tulia.

Kwenye Windows 10 watu wengi walikuwa wanahifadhi kazi ndani ya C:\Users\jina\Documents. Ukiianzisha Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inaweza kuzichukua folda za Desktop, Documents na Pictures na kuziweka chini yake. Wewe unaona Documents ileile pembeni ya dirisha, ikoni ileile, faili zilezile. Lakini njia yake sasa ni C:\Users\jina\OneDrive\Documents. Ile ya zamani bado ipo, pengine haina kitu ndani, na bakapu yako inaendelea kwenda huko kila jioni na kurudi mikono mitupu.

Kuhakiki ni kazi ya nusu dakika. Chukua faili uliyoifanyia kazi jana, ibofye kitufe cha kulia, chagua Properties, usome mstari ulioandikwa Location. Usikisie, wala usitegemee kumbukumbu. Nakili njia hiyo kama ilivyo, kisha ilinganishe na njia iliyoandikwa kwenye programu yako ya bakapu. Zikitofautiana hata kwa neno moja, tatizo umelipata.

Ukiwa bado kwenye OneDrive, angalia alama iliyo pembeni ya kila faili. Yenye kiwingu haiko kwenye kompyuta yako, iko kwenye seva tu, na File History, bakapu iliyomo ndani ya Windows, haiwezi kuinakili. Bofya folda kitufe cha kulia uchague Always keep on this device, halafu subiri zishuke. Zitakula bando, kwa hiyo fanya palipo na intaneti ya kudumu. Vilevile usiihesabu OneDrive kuwa ndiyo bakapu yako: nafasi ya bure ni GB 5, na ikijaa faili mpya haziendi tena. Laptopu ya yule mama ilikuwa imejaza nafasi hiyo kwa picha za simu, kwa hiyo hata huko daftari la mizani halikuwa limefika.

Kama uliyempelekea alisimika Windows upya bila kufuta diski, na faili zako huzioni popote, tazama ndani ya C:\Windows.old\Users. Wahi. Baada ya siku 10 Windows huifuta folda hiyo yenyewe.

Hatua ya 3: Soma matokeo kwa maana yake halisi

Neno "imefanikiwa" linamaanisha programu imemaliza bila kukwama. Halisemi imenakili nini.

Kwa robocopy, 0 (ndiyo ile 0x0 ya Task Scheduler) maana yake hakuna faili hata moja iliyonakiliwa na hakuna kosa lililotokea. Namba 1 ndiyo inayosema faili zimenakiliwa vizuri. Kuanzia 8 kwenda juu kuna zilizoshindikana. Kwa hiyo ofisi inayoandika faili kila siku, halafu bakapu inaleta 0x0 wiki tatu mfululizo, ina tatizo kubwa. Ukikuta 0x8007052E, hiyo ni nywila: kazi iliwekewa nywila ya zamani, nawe umeshabadilisha au umehamia akaunti nyingine. Ifungue kazi hiyo, uiweke nywila mpya.

Amri ninayoitumia sasa ni hii, ikiandika ripoti inayosomeka:

robocopy "C:\Users\katibu\OneDrive\Documents" "E:\Bakapu\Documents" /E /XJ /R:2 /W:5 /LOG:"E:\Bakapu\ripoti.txt"

Badilisha njia ya kwanza iwe ile uliyoinakili kwenye hatua ya 2. /R:2 na /W:5 zinaifanya ijaribu mara mbili tu kwa kila faili iliyogoma, ikisubiri sekunde tano. Usipoziweka, robocopy itajaribu mara milioni moja, na asubuhi utaikuta bado iko kwenye faili moja.

Hatua ya 4: Rudisha diski, uone kama inatambulika

Andika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama diski ilikuwa E na sasa ni F, bakapu inagonga mlango usiokuwepo. Bofya sehemu ya diski hiyo kitufe cha kulia, uirudishie herufi yake. Mimi huwa nawapa wateja herufi za mbali kama T, ili flashi isije ikaiwahi.

Isipoonekana kabisa, anza na waya na tundu. Kiangazi cha Dodoma vumbi linajaa kwenye matundu ya USB hadi diski inawaka na kuzima. Puliza tundu, badilisha waya, chomeka upande wa pili. Diski ikitoa mlio wa kugonga, usiendeshe chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Nakili kwanza kinachosomeka. Kama haina mlio ila inalalamika, chkdsk E: /f inatosha.

Faili kubwa zikigoma na ndogo zinapita, diski yako imeandaliwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haibebi faili inayofika GB 4. Hamishia mahali pengine vilivyomo, kisha uiandae upya kwa NTFS.

Hatua ya 5: Kwa wanaotumia File History

Kwenye Windows 11 haimo tena ndani ya Settings, ndiyo maana wengi wanadhani imeondolewa. Andika Control Panel, ingia System and Security, utaikuta. Iwashe upya, chagua diski. Ikikataa, izime, kisha futa faili zilizomo ndani ya %LocalAppData%\Microsoft\Windows\FileHistory\Configuration, uianze kama mpya. Nakala za zamani zilizoko kwenye diski hazipotei kwa kufanya hivyo.

Hatua ya 6: Bakapu ya mfumo mzima ikikataa

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika vssadmin list writers. Itaorodhesha huduma zinazoandaa data kwa bakapu: kila moja iwe Stable bila kosa. Ukiona isiyokuwa hivyo, washa upya kompyuta kisha ujaribu tena. Mara nyingi inatosha. Kwenye services.msc hakikisha Volume Shadow Copy haijawekwa Disabled. Ukiona kosa 0x80780119, kuna sehemu ndogo ya diski, kwa kawaida ile ya urejeshaji, iliyokosa nafasi: iliyo chini ya MB 500 inahitaji MB 50 zilizo wazi, iliyozidi hapo inahitaji MB 320. Kupanua sehemu hizo kunaweza kuangusha mfumo wote, kwa hiyo mpe fundi, na kabla hujampa maliza hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi

Laptopu nyingi za Windows 11 zinafungwa kwa usimbaji huo wa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako. Kama kompyuta yako imo, utaona tarakimu 48. Ziandike, karatasi ikae na hati zako muhimu. Bila tarakimu hizo, bodi ikiungua hakuna fundi wa hapa wala wa Dar es Salaam atakayesoma diski hiyo.

Hatua ya 8: Rudisha faili moja

Washa ratiba, iendeshe kwa mkono, subiri imalize. Sasa chomeka diski kwenye kompyuta nyingine kabisa. Tafuta faili uliyoibadilisha leo, ifungue, soma mstari wa mwisho uliouandika. Usiridhike kwa kuona jina la faili na ukubwa wake.

Mama wa Hombolo sasa anafanya hivyo kila Ijumaa, kwenye kompyuta ya mhasibu. Anafungua daftari lililoko kwenye diski, anashuka hadi chini, anasoma kwa sauti jina la mkulima wa mwisho na kilo zake, mhasibu akilinganisha na stakabadhi. Kisha anaichomoa diski, anaifunga kwenye kitenge chake, na kwenda nayo nyumbani.