Kitamu na chakula kikuu cha mtu wa sukari, vyote vya Kipwani: samaki wa kupaka, kastadi ya tui na ile chicha mnayotupa

Ukiwa na mtu wa sukari nyumbani hapa Mombasa kitu cha kwanza watu hufanya ni kumnyang'anya kila kitu, nazi hapana, kupaka hapana, kitamu ndo usiseme, anawekewa mboga ya kuchemsha na kipande cha ugali wa wimbi pembeni huku wenzake wanakula biriani, halafu mnashangaa mbona kanunua kaimati kichinichini akala peke yake. Hili linaniuma sana manake halina haja. Samaki hana wanga, yai karibu hana, iliki mdalasini na zafarani hazisumbui kitu, na nusu kikombe cha tui zito ina wanga kama gramu 3 mpaka 7 tu. Kikombe kimoja cha wali ulioiva ndo kina kama gramu 45, na nani hapa kwetu anakula kikombe kimoja? Kwa hivo tunachopunguza ni wali, unga na sukari. Nazi yako baki nayo.

Lakini kabla hujabadilisha sahani ya mtu, soma hapa kwanza. Kama anadunga insulini au anameza vidonge aina ya glibenklamidi, ukimkatia wanga ghafla na dawa imebaki ile ile sukari yaweza kushuka vibaya, kwa hivo aongee na daktari wake mapema dawa ipangwe upya. Wanaotumia vidonge vya sukari vya dapagliflozini au empagliflozini nao wasiingie kwenye wanga kidogo sana bila daktari kujua, kuna hatari ya damu kujaa asidi hata kama mashine inaonyesha sukari iko sawa. Mwenye shida ya figo aulize kuhusu wingi wa nyama na samaki, mwenye kolestero apunguze tui maana mafuta yake ni mazito. Na mtu akianza kutetemeka, jasho jembamba, mashine ya kupimia sukari inasoma chini ya 4 (mmol/L), hapo sio wakati wa vitamu vyangu hivi, hapo anataka sukari yenyewe, vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, anywe, akae robo saa apimwe tena.

Haya, tuingie jikoni.

Samaki wa kupaka ndo mfalme wa sahani hii. Tafuta changu au tafi mzima, mpare, mtoe matumbo, mkate mistari ubavuni, mpake thomu, tangawizi, pilipili mbichi, chumvi na ndimu, mwache nusu saa. Mchome kwenye makaa mpaka ngozi ikauke. Tui zito, yaani lile la kwanza kabla hujaongeza maji mengi, liweke kwenye sufuria na manjano kidogo, thomu, pilipili, chumvi, koroga moto mdogo usiache mkono mpaka liwe zito kama uji, mwisho kamulia ndimu. Wengine hutia ukwaju, sikatazi, lakini ukwaju una sukari yake ya asili kwa hivo kwa mgonjwa mimi naona ndimu inatosha na ladha haipungui. Mpake samaki pande zote mrudishe kwenye makaa dakika chache, lile tui lishike na kuungua ungua kidogo pembeni. Usitie unga wa mahindi kulizidisha uzito, nimeona watu wanafanya hivo, tui likiwa zito kweli halihitaji msaada.

Sasa utamla na nini, hapo ndo pana kazi. Koliflawa inapatikana kwenye masoko ya Marikiti na Kongowea ila bei yake hupanda, kwa hivo kabeji ndo mkombozi. Ikate nyembamba sana halafu ukate tena kinyume iwe vipande vidogo dogo kama punje. Kijiko cha samli kwenye karai, tia uzile, kijiti cha mdalasini, iliki mbili, karafuu, pilipili manga, vikinukia mimina kabeji, moto mkali, dakika tano sita tu na USIFUNIKE. Ukifunika inatoa maji inakuwa supu. Koliflawa ni hivo hivo, unaikuna kwa greta kwanza. Sitakudanganya kwamba ni wali, sio wali, lakini ina harufu ya pilau na inashika mchuzi vizuri.

Biriani pia inawezekana jamani. Sosi ya biriani ni nyama, mtindi, tungule, thomu, tangawizi, viungo na vitunguu vya kukaanga, hapo kitu cha kutoa ni viazi, na vitunguu upunguze kidogo, basi. Mpakulie sosi na nyama yake juu ya hiyo kabeji yenye zafarani, kachumbari kubwa pembeni, anakula pamoja na wenzake kwenye meza moja. Kama hawezi kabisa kukosa wali, mwekee vijiko vichache lakini aanze na mboga na nyama, wali aumalizie mwisho, ukila hivo sukari haipandi kwa kasi kama ukianza na wali. Pweza wa nazi, ngisi wa kukaanga na thomu, mchicha wa tui, biringani la kuchoma lililopondwa na tui, zote hizo ruhusa. Mbaazi za nazi zina wanga ila zina na nyuzinyuzi nyingi, kikombe nusu ni sawa, mahamri yake ndo yasimame.

Kitamu sasa. Naomba msikie vizuri hapa: asali, sukari guru na tende sio dawa ya sukari. Kijiko cha mezani cha asali kina wanga kama gramu 17, na ile tende moja kubwa nene ni kama gramu 18, yaani zaidi ya vijiko vinne vya chai vya sukari. Watu wazima wanapewa tende saba kwa futari kwa sababu ni sunna na ni kitu cha asili, lakini moja inatosha kufungulia, isiwe ile kubwa. Na biskuti za madukani zilizoandikwa za wagonjwa wa sukari, nyingi ni unga ule ule wa ngano. Kwa utamu tumia stivia au erithritoli lakini geuza pakiti usome nyuma, kuna stivia imechanganywa na maltodekstrini au dekstrosi, hizo zinapandisha, na maltitoli nayo inapandisha.

Na ile chicha. Ukishakamua nazi mara mbili kwenye kifumbu, mabaki wengi huwapa kuku. Usitupe! Mna nyuzinyuzi humo na wanga wa kupandisha sukari ni mdogo. Itandaze kwenye sinia siku hiyo hiyo maana inachacha haraka, funika kitambaa chepesi, jua kali la saa sita, au ovena moto wa chini kabisa, ikauke mpaka inasikika kavu mkononi, halafu saga kwenye blenda. Huo ndo unga wako.

Vibibi vya chicha: unga huo vijiko vitatu vya mezani, mayai matatu, robo kikombe cha tui, iliki ya kusaga, chumvi chembe, stivia kidogo. Changanya uache dakika kumi unyonye, ukiwa mzito sana ongeza tui. Pika vidogo vidogo kwenye kaango moto mdogo maana havina ngano ya kuvishika, ukifanya kimoja kikubwa kitavunjika wakati wa kugeuza.

Vitonge vya njugu ni rahisi zaidi, kaanga njugu nyasa kavu, menya, saga mpaka zitoe mafuta, tia chicha kavu, iliki, chumvi na erithritoli, finyanga, weka frijini. Ni vya kula na kahawa chungu jioni, viwili mtu ameridhika. Korosho ni tamu lakini ina wanga zaidi ya njugu kwa hivo isiwe ndo msingi. Ovakado lililoiva ukiliponda na kakao isiyo na sukari na tui pia ni zuri, watoto watamaliza kabla ya mgonjwa.

Halua sijapata njia. Ni wanga, sukari na samli, ukitoa viwili vya kwanza hakuna halua. Siku ya Idi kijiko kimoja baada ya chakula, sio tumbo tupu, basi.

Ninayoipenda kuliko zote ni kastadi ya tui. Loweka nyuzi chache za zafarani kwenye tui la vuguvugu, vikombe viwili vya tui zito, mayai manne, iliki, kungumanga ya kukuna, stivia kwa kuonja. Piga polepole usitie povu, chuja, mimina kwenye vikombe, funika na foili, vipange kwenye sufuria yenye maji nusu, mfuniko juu, moto mdogo nusu saa mpaka dakika arubaini. Maji yasichemke kwa fujo, yakichemka kastadi inatoboka toboka matundu. Ikitikisika katikati tu, toa. Apimwe kabla ya kula na masaa mawili baadaye, watu wazima wengi huambiwa wakae chini ya 10 wakati huo, na akila hivi bila wali mtaona wenyewe kwenye mashine. Frijini inakaa siku mbili tatu, usiigandishe kwenye friza maana tui litakatika.