Kabla ya Kufunga LED Kwenye Pikipiki: Kagua Waya Kwanza

Mtu akitaka taa kali huanzia kwenye balbu. Ataulizia wati, ataulizia rangi ya mwanga, atabishana na wenzake ipi inamulika mbali. Waya unaoilisha hiyo balbu haumjii akilini mpaka taa imzimikie gizani. Kwa hiyo haya yamalize kabla hujalegeza skrubu hata moja.

Jua taa yako inakula umeme wa wapi. Fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikiwaka vizuri, inatumia betri na kazi yako ni nyepesi. Ikigoma mpaka injini iungurume, halafu inafifia ukiachia mafuta na kung'aa ukivuta, basi huenda inalishwa moja kwa moja na koili ya magneti, yaani mkondo geu (AC, unaogeuka mwelekeo kila mara) usiopita kwenye betri. Usihukumu kwa macho tu, maana zipo pikipiki za taa ya betri ambazo huizuia taa ya mbele mpaka injini iwake. Chukua multimita, pima kwenye soketi ya balbu injini ikiwa inaunguruma, uone ni mkondo geu au mnyoofu (DC, kama wa betri).

Hili si jambo la kupuuza. LED ni kitu cha mkondo mnyoofu. Nyingi ukizipa mkondo geu zitapepesa na kufa mapema. Ziko zilizotengenezwa kupokea yote mawili, na huandikwa hivyo kwenye boksi. Fundi akikwambia "tunahamishia tu waya kwenye betri," mwambie apime kwanza. Kwenye pikipiki ndogo ambazo taa yake hulishwa na magneti, upande wa kuchaji betri ulipangiwa indiketa, honi na taa ya breki, haukupangiwa taa kubwa inayowaka usiku kucha. Washa taa, vuta mafuta kiasi, pima betri. Volti zikicheza kati ya 13.5 na 14.5, inachaji. Zikibaki 12 na kitu huku zinashuka, unakula akiba, na kesho asubuhi selfu haitazungusha.

Kitako cha balbu kifanane na cha zamani. Balbu za aina ya H4 na HS1 zinafanana sana kwa macho, lakini ya kwanza ni ya wati 60/55 (fuli/dimu) na ya pili 35/35, na vitako vyake havilingani. Usilazimishe.

Pima nafasi ya nyuma. Halojeni, yaani balbu ya zamani ya waya unaowaka, hurusha joto lake mbele, pamoja na mwanga. LED joto lake hurudi nyuma, kwenye kile kipande cha alumini au feni. Kifuniko cha mpira kikikataa kuingia, watu hukikata kwa wembe. Mvua ya kwanza tu, kioo kinaingia ukungu kwa ndani na rifleta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, inaanza kuchubuka. Tafuta LED fupi zaidi.

Halafu kuna kuwapofusha wenzako. Rifleta ilichongwa kwa kufuata mahali unapokaa ule waya mdogo unaowaka ndani ya halojeni, kwa hiyo vidoa vya LED lazima vikae palepale, vikitazama kushoto na kulia, si juu na chini. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, mtu akiwa amekaa juu yake, washa dimu. Unatakiwa uone ukingo wa juu uliokatika vizuri, ulioshuka angalau sentimita 10 chini ya usawa wa taa yenyewe. Ukiona mwanga umetapakaa ukuta mzima, balbu hiyo haifai kwenye taa hiyo, hata kama ni kali kiasi gani. Kuna nchi ambazo haziruhusu kabisa LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni, kwa hiyo ulizia sheria ya unakoendeshea.

Sasa waya. Utasikia kwamba LED inakula umeme kidogo, kwa hiyo waya wa zamani unatosha. Kwa hesabu ni kweli: wati 55 kwa volti 12 ni karibu ampea 4.6, na LED ya wati 20 haifiki hata ampea 2. Ila hesabu hiyo inauchukulia waya kuwa mzima.

Kuna mwenzangu alifunga LED ikawa nzuri sana barabara ikinyooka. Akikata kona ya kushoto inapepesa, akinyoosha usukani inarudi. Gereji wakamwambia balbu ni feki, wakamuuzia nyingine. Ikapepesa. Wakamuuzia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyozimika kabisa katikati ya kona, usiku, akaingia mtaroni na kuvunjika mfupa wa bega. Pikipiki ilipoletwa tukavua taa na kuufuata mshipi wa waya kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka kwenye shingo ya usukani. Kwa nje waya ule haukuwa na kasoro, ganda zima, rangi yake ipo. Lakini ukiubana sehemu moja unalegea kama uzi uliolowa. Tulipouchana, shaba ilikuwa nyeusi na unga wa kijani, nyuzi nyingi zimekatika, zimebaki chache zinazogusana usukani ukiwa umenyooka.

Sababu ilikuwa hapohapo: mtu aliyewahi kuufungua mshipi ule aliurudisha akaukaza kwenye fremu kwa tai ya plastiki. Kila usukani ulipogeuka, waya ulipinda mahali palepale. Halojeni ilivumilia kwa kufifia kidogo, naye hakugundua. LED ina kidhibiti chake cha umeme, na umeme ukikatika-katika inapepesa au inazima. Cha kutisha zaidi, tai hiyohiyo ilikuwa imelila ganda la waya wa pili, uliotolewa moja kwa moja kwenye betri kwa ajili ya taa za ziada, bila fyuzi. Shaba ilikuwa inaonekana, karibu kugusa fremu. Hata betri ndogo ya pikipiki inatosha kuufanya waya kama huo uwe mwekundu na kuyeyusha wenzake wote waliofungwa nao.

Kwa hiyo, injini ikiunguruma na taa ikiwaka, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, huku unautikisa mshipi wa waya kwa mkono. Taa ikicheza hata kidogo, usinunue balbu. Bana waya mmoja mmoja pale shingoni. Acha waya uwe na ulegevu wa kutosha, na tai ishike bila kunyonga. Kila laini mpya kutoka betri iwe na fyuzi karibu kabisa na betri, na taa za ziada zipitie rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Fyuzi ikiungua tafuta sababu, usiweke kubwa zaidi, na aliyekushauri uweke karatasi ya sigara badala ya fyuzi usimrudie. Maungio yalehemiwe au yabanwe kwa kiungio chake, yavishwe mpira wa kusinyaa. Kusokota na kuzungushia tepu si maungio, kwa sababu gundi yake hulainika kwa joto na tepu hujifungua yenyewe.

Waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye fremu, upe heshima yake. Pale unapofungwa, kwaruza rangi mpaka chuma kionekane, kaza, paka grisi. Kisha taa ikiwaka, gusisha multimita kati ya chanya ya betri na chanya ya balbu, halafu hasi kwa hasi. Ikizidi nusu volti popote, kuna mahali umeme unapotelea.

Ukiosha pikipiki usielekeze maji ya presha nyuma ya taa wala kwenye swichi za usukani. Konekta zifungue mara mojamoja, ukiona kijani safisha. Mwanga wa bluu-bluu uogope, kwenye ukungu na mvua unakurudia machoni. Ukiwa na safari ya usiku, jaribu fuli na dimu kabla ya kutoka, siyo ukiwa barabarani. Na ile halojeni ya zamani usiitupe: ifunge kwenye kitambaa, iweke chini ya siti pamoja na fyuzi mbili za akiba na bisibisi inayofungua taa yako.