Somo: Ikwalaiza, punguza kwanza kabla ya kuongeza

Ndugu zangu, kazi nyingi mnazonitumia zina mwimbaji mzuri na ala zilizopigwa vizuri, lakini zikikutanishwa zinakabana koo. Mara nyingi ala tatu zinagombea masafa yale yale, yaani kasi ya mtetemo wa sauti, inayopimwa kwa Hz (namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba). Ikwalaiza, chombo cha kupandisha au kushusha masafa unayoyachagua, ndiyo ya kuamua ugomvi huo. Sikio la binadamu husikia takribani 20 Hz hadi 20,000 Hz. Nafasi ipo ya kutosha, tuigawe.

Hatua ya 1. Panga volyumu. Shusha feda zote (vitelezi vya volyumu), kisha pandisha moja moja mpaka wimbo ueleweke. Usiguse ikwalaiza kabla ya hapo.

Hatua ya 2. Safisha chini. Kwenye sauti ya mwimbaji weka filta ya kukata besi, anzia 70 Hz, panda polepole. Sauti ikianza kukonda, rudi nyuma kidogo. Unachotoa ni mvumo wa feni, stendi ya maiki iliyogongwa na pumzi za herufi "p". Gitaa la besi usilifanyie hivyo: uzi wake mnene ukipigwa wazi hutoa kama 41 Hz, na uzito wa wimbo uko huko.

Hatua ya 3. Tafuta panapoudhi. Hapa nawaomba mtulie. Chukua bendi moja ya ikwalaiza (eneo moja la masafa), ibane Q, yaani upana wa eneo hilo, ipandishe kama 8 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), halafu itembeze taratibu kuanzia 150 Hz kwenda juu. Juzi nilikuwa na sauti iliyorekodiwa kwenye chumba kidogo chenye kuta tupu. Nilipokaribia 430 Hz, neno "moyo" likavuma kama linatoka ndani ya mtungi, huku maneno yenye "i" yakibaki yalivyo. Nikashusha pale pale 3 dB, nikaifungua Q kidogo, na mwimbaji akatoka mtungini.

Lakini angalieni: masafa yoyote ukiyapandisha 8 dB yataudhi. Ukienda kutafuta kosa ambalo hukulisikia mwanzoni, utakata mpaka sauti ibaki mifupa. Sikia tatizo kwanza, ndipo ulisake.

Hatua ya 4. Gawa nafasi. Kiki (ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu) ikiwa na nguvu kwenye 60 Hz, punguza gitaa la besi hapo 2 au 3 dB, liache lisikike zaidi kuanzia 100 Hz. Gitaa likimfunika mwimbaji, lipunguze gitaa kati ya 2,000 na 4,000 Hz badala ya kumpandisha yeye. Eneo hilo ndilo sikio linalisikia kwa wepesi kuliko yote, kwa hiyo hata 2 dB zinatosha.

Hatua ya 5. Zima na uwashe. Linganisha kabla na baada kwa volyumu ile ile, kwani chenye sauti kubwa zaidi hutudanganya kuwa ni kizuri zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

– Shikamoo mwalimu. Nimekata kama ulivyosema, sasa gitaa likiwa peke yake linasikika jembamba mno. Nirudishe?

– Marahaba. Usirudishe kwanza. Washa ala zote, usikilize. Kama wimbo umekaa sawa, liache lilivyo. Ila kama kuna sehemu gitaa linabaki peke yake, mfano mwanzoni, sehemu hiyo ihamishie treki nyingine (njia ya kurekodia ya pekee) isiyokatwa.

– Kaka, herufi "s" zinachoma masikio. Nimeshusha 6,000 Hz kwa 6 dB, zimetulia lakini sauti yote imefifia.

– Ikwalaiza inapunguza muda wote, ilhali "s" huja na kupita. Irudishe, kisha tumia diesa, chombo ambacho hukaba pale tu "s" inapotokea, kwa kawaida kati ya 5,000 na 8,000 Hz. Kama huna, punguza volyumu ya kila "s" kwa mkono. Inachosha, lakini matokeo yake ni safi sana.

– Nafanya kazi usiku kwa sauti ya chini. Asubuhi nikifungua spika, besi imejaa kila mahali. Nakosea wapi?

– Hujakosea mkono, dada, ni sikio. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, besi hupotea masikioni kwanza, nawe unaijazia. Usiku fanya kazi za kukata na kutafuta panapoudhi. Uamuzi wa besi uweke kando mpaka asubuhi, na kabla ya kuigusa cheza wimbo mmoja unaoujua vizuri kwenye spika hizo hizo.